Dohani ya Upande wa Jirani

Mume wangu alikuwa adui wa upepo. Simsingizii, na lau angekuwa hai angekubali mwenyewe, tena kwa fahari. Alizaliwa katika nyumba ya masonara hapa Malindi, na mtoto wa sonara hufundishwa kufunga dirisha kabla hajafundishwa kushika koleo. Upepo huuyumbisha ule ulimi wa moto unaopulizwa kwa mrija, na vumbi la dhahabu linalotoka kwenye tupa hupeperuka likaenda zake. Baba mkwe wangu alikuwa na ufagio wa chumba cha kazi ambao haukuruhusiwa kugusa sakafu nyingine yoyote, na taka zake hazikutupwa, zilitiwa koponi zije ziyeyushwe. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimfungulia dirisha anakutazama kama uliyemwitia mwizi.

Nayaandika haya kwa ajili ya pumzi zake. Mtaa mzima ulizijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti wetu mdogo. Hakupiga kelele. Alikuwa akilivuta neno taratibu mpaka wewe uliye jikoni unasahau mkono wako ndani ya unga. Nilipoolewa nilijitia simsikilizi, maana mwanamume akijua mkewe anaipenda sauti yake, nyumba haikaliki kwa maringo. Lakini nilisikiliza kila siku. Pumzi hizo ndizo tulizozipoteza, na hatukuzipoteza kwa kukosa mtu wa kutuambia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kazi ya dhahabu ilimpungukia. Mji ulikuwa umejaa wageni wa Kitaliano, na mmoja wao, mzee mpole aliyekuja kila mwaka kuikimbia baridi ya kwao, alikuwa fundi wa vioo. Alimkuta mume wangu akipuliza moto wake, akaketi naye mchana kutwa, hawana lugha ya kuelewana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa mikono. Alipoondoka alimwachia jiko lake dogo la gesi lenye mdomo wa shaba, pamoja na mirija ya chuma ya kupulizia. Basi mume wangu akawa mtu wa vioo. Alianza na shanga, kisha akajifunza kupuliza vichupa vidogo vya kutilia mafuta mazuri, vyenye shingo nyembamba na tumbo la mviringo, na hivyo ndivyo alivyovipenda. Shanga unaweza kuzizungusha motoni huku unazungumza. Kichupa kinataka pumzi ndefu isiyotetema, na yeye alikuwa nayo.

Kioo chenyewe kilitoka kwenye chupa tupu za hoteli, na nyingi, Mungu atusamehe, zilikuwa za bia. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa fundi wa majokofu na mitambo ya jikoni katika hoteli mojawapo, ndiye aliyezileta kwa magunia. Hakuacha kumfanyia shemeji yake utani. "Shikamoo muadhini wa chupa za bia," humwambia mlangoni. Mume wangu hujibu bila kuinua macho kwamba kitu kikishapita motoni kimetwaharika, na kwamba kilichobaki kutwaharishwa ni ulimi wa shemeji. Waliishi hivyo, wakichokozana kila walipoonana, na mimi nilifurahi. Sikujua kwamba utani ukizidi, siku mtu akileta neno la kweli halipati pa kukaa.

Chumba cha kazi kilikuwa ghala letu la nyuma. Nyumba ilikuwa ya mawe, paa la makuti. Mlango wa ghala ulitazama mashariki, kwenye uani wetu. Ukuta wa kusini uliungana na chumba cha kulala. Kaskazini palikuwa na dirisha dogo juu ya kichochoro. Magharibi palikuwa na ukuta mtupu, na nyuma yake ni uani wa jirani yetu, mama mmoja mtu mzima ambaye mumewe alikuwa akiugua.

Kioo kikiwa moto kinauchukia upepo kuliko dhahabu. Kipigwe na baridi kidogo tu upande mmoja, utasikia tiki, kazi ya asubuhi nzima imepasuka mkononi. Mume wangu aliposikia tiki ya kwanza alifunga dirisha. Ya pili, akafunga mlango. Vilivyopona alivifukia katika ndoo ya majivu ya moto vipoe polepole, na kingo za chupa alizisugua kwa jiwe hapo hapo ndani, vumbi jeupe likamkalia kwenye kope. Alikuwa akijifunga leso yangu puani, akaona amejihami. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kichwa kinamgonga. Nikimuuliza, husema ni jua, naye ametoka kwenye chumba kisicho na jua.

Mdogo wangu alipoingia mle siku ya kwanza hakufanya utani. Alisimama kidogo, akatoka, akavuta pumzi uani kama mtu aliyezamia.

"Shemegi, humu wafa," alisema. "Gesi hii ikiungua ndani ya chumba kilofungwa ina sumu, haina harufu, huioni. Na hilo vumbi la kioo likiingia kifuani halitoki tena."

"Wewe kazi yako kupoza nyama za wazungu," mume wangu akamjibu. "Yangu ni moto."

Lakini mdogo wangu ni mbishi, amefanana na mimi. Alichukua mkaa akachora ukutani. Mtungi wa gesi ukae nje uani, mpira wake upite chini ya mlango. Kusugua chupa kufanywe uani, ndani ya karai la maji, vumbi lisiruke. Meza ihamishwe ikaegemee ukuta wa magharibi, na juu ya moto ining'inie kofia kubwa ya bati, kutoka kofia hiyo liende bomba la dohani, na ndani ya bomba iwekwe feni ya kuvuta moshi. Hotelini walikuwa wamebadilisha ya jikoni, akapewa ile ya zamani. Mlango ufunguliwe robo tu, kwa chini, ili hewa iingie mgongoni kwa mfanyakazi, impite mabegani polepole, ipande na moshi kwenye kofia. Upepo usioona kioo, alisema. Hapo mume wangu aliacha kukunja uso. Hakuwahi kusikia kwamba kuna upepo wa namna hiyo.

Likabaki swali la bomba litokee wapi. Juu haiwezekani, makuti na bomba la moto haviishi pamoja. Mdogo wangu akagonga ukuta wa magharibi kwa kifundo cha kidole.

"Hapa. Kusi yatoka kule, kaskazi yatoka huku. Magharibi ndiyo mgongo wa pepo zote mbili. Ukitobolea hapa, moshi hutoka mwaka mzima. Ukitobolea kichochoroni, kusi utastarehe, na kaskazi ikigeuka itakurudishia moshi wako mdomoni."

Mume wangu alitikisa kichwa. Asiye wa huku labda hataelewa. Uani wa mwanamke ndiyo sitara yake; pale ndipo anapokaa kichwa wazi, anapochana nywele, anapofua nguo zake za ndani. Mtu hatoboi ukuta unaotazama uani wa mwenzake, hata kama tundu liko juu kuliko kimo cha mtu, hata kama ndani yake mna bomba na feni na hapana jicho liwezalo kupita. Na hata tundu likisamehewa, lazima fundi apande juu ya ukuta kulifunga lile bomba, na akipanda ataona. Hiyo ni kukosa haya. Ingekuwa siku nyingine angekwenda kwa mume wa yule mama wakazungumza barazani, wanaume kwa wanaume. Lakini katika wiki hiyo hiyo bwana yule alifariki dunia. Tulizika, tukasoma hitima, na mama akaingia eda.

Kwa hiyo ikawa haiulizwi. Mjane aliye edani hasumbuliwi kwa mabomba. Nilikubaliana na mume wangu kwa hilo na mpaka leo nakubaliana naye. Alimwambia mdogo wangu, "Toboa kichochoroni kwa sasa. Eda ikisha tutaona."

Pakatobolewa dirishani, upande wa kaskazini, bomba likapindishwa kiwiko hadi kule. Ilikuwa kusi imeanza. Nakumbuka feni ilipowashwa mara ya kwanza: moshi ulinyanyuka, ukaingia kofiani, ukatokea kichochoroni ukaenda zake juu ya mapaa. Mume wangu alipuliza kichupa cha kijani, hakikupasuka. Akapuliza kingine. Aliniita nije nione, mimi niliyekuwa na mikono ya samaki, na alicheka mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Jioni ile aliadhini Magharibi kwa sauti niliyoizoea, na macho yake hayakuwa mekundu. Miezi ile ilikuwa mizuri kwetu. Ndiyo iliyotuponza.

Eda ya jirani ikaisha. Alioga, akavaa nguo zake, wanawake wa mtaa tukaenda kumtazama, nami nikaketi kwenye jamvi lake, ukuta ule nautazama mbele yangu. Tulizungumza habari za bei ya nazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, sasa je, nimuulize? Mimi na yeye wanawake, hapana tabu.

"Usimuulize," alisema. "Juzi tu katoka edani, leo tumwambie twataka kumvunjia ukuta? Atasema, mume wangu alipokuwapo hawakuthubutu. Na hii yafanya kazi. Waiona yafanya kazi."

Nami nikanyamaza. Nilikuwa mkali katika mambo yote ya nyumba hiyo. Nilimgombeza kwa viatu, kwa chumvi, kwa kuchelewa kutoka barazani. Katika hili moja nilikuwa mke mtiifu, na ule utiifu naujutia kuliko ukali wote.

Kisha pepo zikageuka. Kaskazi haikuingia kwa kishindo. Siku moja moshi ulisita kwenye kofia, kama mtu aliyesahau kitu ndani, ukarudi. Kesho yake upepo ulikuwa unaingia bombani kwa nguvu kuishinda feni, unashuka moja kwa moja juu ya meza. Tiki. Kichupa kimepasuka. Tiki. Na mume wangu, aliyelelewa vile nilivyosema, alifanya kile ambacho mkono wake ulikijua: alilisokomeza gunia kwenye mdomo wa bomba, akauvuta mlango akaufunga. Kofia ya bati ikabaki inaning'inia juu ya kichwa chake, haina kazi.

Mdogo wangu alipokuja na magunia yake aliliona lile gunia. Alikuwa na hasira, na kwa kuwa baina yao walikuwa hawajui kusema ila kwa mzaha, hasira ikatoka kwa mzaha. "Hongera shemegi, sasa umejikausha moshi kama papa wa Lamu." Mume wangu akacheka. Akamjibu kwamba papa aliyekaushwa haozi. Wakacheka wote wawili, na mdogo wangu akaniambia baadaye kwamba alipofika njiani alitaka kurudi amwambie vizuri, lakini hakurudi. Yeye pia ana lake la kujutia.

Kikohozi kilianza kidogo, cha asubuhi. Nikampa asali na tangawizi. Kikahamia usiku. Alisema kaskazi ikiisha kitaisha, na kusi ilipokuja akang'oa gunia, na kweli kikapungua, hivyo akapata hoja. Kaskazi iliyofuata akasokomeza tena. Mara nyingi nilimwambia, niache nimuulize yule mama, na kila mara lilikuwapo jambo: ana wageni, amefunga sita ya Shawwali, binti yake anaozwa. Ukiwa hutaki kuuliza, jirani yako hatakosa kuwa na shughuli.

Nilijua kabla ya daktari. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, adhana ya Alasiri ikaanza, na katikati ya neno ambalo alikuwa akilivuta siku zote, alisimama. Palipita kimya kifupi. Akamalizia, lakini amelikata vipande viwili. Mbuzi ya nazi ilinikata kidole na sikuhisi. Hakuna aliyesema kitu barazani, watu wetu wana adabu. Baada ya muda alianza kumwachia mwenzake Alfajiri, kisha Isha, kisha zote. Alisema ni vizuri wengine nao wapate thawabu.

Hospitalini daktari alimuuliza anafanya kazi gani na anaifanyia wapi. Alipoelezwa chumba aliuliza kama kina tundu la kutolea moshi. Mume wangu akasema lipo, na hakusema kuhusu gunia. Mimi ndiye niliyesema. Daktari alitueleza polepole kwamba mapafu yameingia makovu, kovu halirudi kuwa nyama nzima, na kwamba akitaka kuendelea na kazi hata kidogo ni lazima apate hewa. Tulirudi kwa miguu. Tulikuwa tukisimama kila penye kivuli, na kila tunaposimama alijifanya kutazama kitu dukani.

Siku hiyo sikuomba ruhusa. Nilivaa buibui langu, nikazunguka kona, nikabisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona waja kama yuwakufukuza mtu?"

Nikamwambia yote nimesimama, kabla sijavua viatu: dohani, pepo, kifua cha mume wangu, ukuta wake. Nilikuwa nimejiandaa kusihi. Aliniacha nimalize, kisha akanishika mkono akaniongoza uani kwake. Chini ya ukuta ule hapakuwa na kitu. Kamba ya nguo, jiko la kuni, kitanda chake cha kamba cha kupumzikia, vyote vilikuwa upande wa pili, vimebanana chini ya kibanda.

"Nalivihamisha nilipotoka edani," alisema. "Yule mdogo wako ana sauti kubwa, mwanangu. Nilikuwa ndani namuuguza marehemu, namsikia yuwasema, hapa ndipo mgongo wa pepo. Nilipoingia edani nikasema, ikisha watakuja kuniuliza, na wakija fundi apande asikute nguo zangu. Nikangoja. Namsikia mumeo yuwakohoa, nangoja."

"Mbona hukutwambia, mama?"

"Nikamwambie mume wa watu, njoo utoboe uani kwangu, mimi mjane? Watu wangesemaje?" Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Na weye ulikuja ukakaa hapa hapa, ukanambia bei ya nazi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Tumeficha sote wawili."

Nililia pale uani kwake. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Niliukasirikia ukuta, nikamkasirikia mume wangu na adabu yake, nikaikasirikia adabu yangu pia. Yule mama alinipa maji ya kunywa na hakunibembeleza, kwa sababu na yeye alikuwa na la kwake la kulilia.

Mdogo wangu alikuja na patasi na nyundo. Jirani alikwenda kushinda kwa binti yake na akatuachia ufunguo. Jiwe la ukuta wetu ni laini. Kabla ya Adhuhuri tundu lilikuwa wazi, bomba limepita, limepandishwa juu ya ukuta mbali na makuti, na feni imefungwa. Lile tundu la kichochoroni likazibwa kwa chokaa. Ilikuwa kaskazi kali, vumbi linaruka mtaani. Mdogo wangu aliwasha kipande cha ufito akakipuliza kikatoa moshi, akakishika chini ya kofia. Moshi ulisimama wima, ukaingia juu, ukatoweka. Hakusema utani wowote. Alikusanya vyombo vyake akasema ana zamu, akatoka upesi.

Mume wangu aliketi. Mlango ulikuwa wazi kwa chini, hewa inampita mgongoni, naye kwa mara ya kwanza hakuugeukia kuufunga. Aliwasha moto, akalainisha kioo kwenye ncha ya mrija mpaka kikawa rangi ya chungwa, akauweka mrija mdomoni akapuliza. Kioo kilitikisika kidogo tu. Alikirudisha motoni, akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na kile kitone kikabaki kitone. Akajaribu tena, mkono umemkaa sawa kabisa, ufundi wote upo. Kisha akauondoa mrija, akauzungusha polepole motoni asipoteze kile kioo, akakigeuza kuwa ushanga. Ulikuwa ushanga mzuri. Aliufukia kwenye majivu, akafunga gesi.

"Izime feni," aliniambia. "Haina haja kula umeme bure."

Nilikwenda kwenye swichi, lakini sikuizima. Nilirudi nikaketi chini sakafuni karibu na miguu yake, chumba hakina moshi hata chembe, hewa safi inapita juu yetu sote wawili inaelekea kwa jirani, na yeye anaihemea asiipate.